Likizo ya familia ng'ambo ya Manyovu: Vijana wapewe kazi, kisha mwende kwa miguu

KWA sisi tunaoishi kandokando ya mpaka, kuvuka kwenda Tanzania si habari. Mfanyabiashara wa Mabanda huvuka asubuhi akarudi jioni. Mgonjwa huvuka kutafuta hospitali. Na miaka ilipokuwa mibaya, watu walivuka na magodoro kichwani. Jambo ambalo ni nadra kulisikia ni familia iliyovuka kwa ajili ya kutembea tu.

Neno hilo "kutembea" lina maana mbili katika Kiswahili chetu. Ni kwenda kwa miguu, na pia ni kwenda kuona watu na mahali bila shida iliyokusukuma. Makala haya yanahusu maana zote mbili.

Mwishoni mwa Agosti 2025, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu tuliondoka Rumonge kwa safari ya siku saba iliyotupitisha Manyovu, Kasulu, Kigoma, Ujiji na Gombe. Watoto wenyewe si wadogo tena: wa kwanza ana miaka 18, wa pili ni binti wa miaka 16 na wa mwisho ana miaka 15. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliorejea nchini kama mimi, au wanaoishi kwa biashara ya mpakani, na wana vijana wa rika hilo nyumbani. Ndiyo maana nimeona niandike jinsi safari ile ilivyopangwa, kwani haipangwi kama ya watoto wadogo, wala haipangwi kama safari ya mzigo.

Kwa nini tulikwenda

Mimi nilikimbia mwaka 1993 nikiwa na miaka 10. Nilisoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na nikarejea Burundi mwaka 2008 na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Kwa hiyo nilikaa mkoa wa Kigoma miaka 15, lakini sikuwahi kuuona mji wa Kigoma, ingawa hauko mbali na Kasulu. Wakati ule mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Habari za Ujiji nilizisoma darasani chini ya turubai, kama vile Ujiji iko bara jingine.

Watoto wangu walikua wakizisikia habari za kambi jikoni, hasa jioni umeme ukikatika. Kwao Tanzania ilikuwa foleni ya maji, mgawo wa mahindi na wimbo wa shule. Nilipotaja safari hii kwa mara ya kwanza, mkubwa aliniuliza, "Mama, Tanzania si ndiko mlikokimbilia? Sasa tukatembee nini huko?"

Swali lile ndilo lililonifanya nisiahirishe. Kijana wa miaka 18 yuko mlangoni tayari. Mwaka mmoja au miwili, ataondoka kwenda chuo au kutafuta kazi, na huenda tusipate tena nafasi ya kusafiri watano pamoja. Sikutaka aondoke akijua nchi jirani kwa jina la ukimbizi peke yake.

Mpango uwe wao

Ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni huu: kijana akibebwa safarini kama mzigo, atanung'unika kama abiria. Akipewa kazi, ataishika safari kama yake.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka tulikaa mezani na kugawana kazi. Mkubwa alikabidhiwa hati zote: kuhakikisha zipo, hazijaisha muda, na zina nakala. Binti alikabidhiwa hesabu. Wa mwisho alikabidhiwa saa na njia, maana yake ajue kila asubuhi tunakwenda wapi, ni kilomita ngapi, na giza litatukuta wapi.

Fedha tuliigawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula na dharura. Binti aliandika kila kitu katika daftari la shule. Fungu la dharura lilikaa kwa baba na halikuruhusiwa kuguswa bila sisi wawili kukubaliana. Kila jioni daftari lilisomwa kwa sauti. Siku ya tatu binti mwenyewe ndiye aliyekataa soda ya pili, na hakuna aliyebishana naye, kwa sababu sote tulizisikia hesabu.

Pia kila mmoja alichagua jambo moja la kufanya. Mkubwa alichagua Gombe. Binti alichagua kuendesha baiskeli. Wa mwisho alichagua kuogelea. Baba alitaka kuona stesheni ya reli. Mimi nilichagua Ujiji, na nikasema wazi tangu mwanzo kwamba tutakwenda kwa miguu.

Karatasi za kushika mkononi

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kwa mpango huo raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila kulipia viza na anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Hata hivyo, kuingia bila viza si kuingia bila hati. Kila mmoja, pamoja na mtoto, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, ile ambayo wengi huiita lesepase. Kwa wale walio chini ya miaka 18, beba na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha majina ya wazazi. Kama mzazi mmoja ndiye anayesafiri nao, ni busara awe na barua ya ridhaa ya mwenzake.

Ipo pia habari ya kadi mbili za njano, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri anayetoka kwetu huulizwa aingiapo Tanzania. Ya pili ni ya gari: ni bima ya COMESA ya kuvuka mpaka, inayotambuliwa Tanzania pia, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukiwa abiria unahitaji ya kwanza tu. Ukiwa na gari lako unahitaji zote mbili, pamoja na kadi ya gari na leseni.

Hati zisifungiwe ndani ya begi. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na magari hukaguliwa njiani. Mkubwa wetu aliziweka katika mkoba mdogo kifuani na kuzitoa mwenyewe kila tuliposimamishwa.

Gari letu au la kukodi?

Mwaka 2024 na 2025 foleni za mafuta zilikuwa jambo la kawaida kwetu, kwa hiyo hatukutaka safari itegemee tangi letu. Tulipanda gari la abiria kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, takribani kilomita 50 kando ya ziwa, kisha lingine likatupandisha milimani hadi Mabanda na Mugina. Upande wa pili tulikodi Noah pamoja na dereva wake kwa siku zile tulizohitaji gari, na siku nyingine tukatumia basi, daladala na miguu yetu.

Mwenye gari lake na mafuta ya kutosha anaweza kwenda nalo, lakini akumbuke mambo mawili. La kwanza, Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara na Tanzania upande wa kushoto. Hatari kubwa haipo pale mpakani, ambako kila mtu yuko macho. Ipo kesho yake alfajiri, barabara ikiwa tupu, mkono unapojirudia katika mazoea. Mpe kijana anayekaa mbele kazi ya kusema "kushoto" kila mnapoingia barabarani.

La pili ni saa. Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Ukitoka Mugina saa tatu asubuhi, Manyovu ni saa nne. Anayepanga basi la jioni kwa saa ya Burundi ataliona likiwa limeondoka.

Na kabla ya kufika, toa mifuko yote ya plastiki ya kubebea. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Vikapu vya nyumbani vinafaa zaidi, tena havichaniki.

Pale Manyovu

Nimeshavuka pale mara mbili kabla ya safari hii: mara ya kwanza nikikimbia, mara ya pili nikirudi kwa msafara wa magari ya wakimbizi. Safari zote mbili niliulizwa maswali, na nikayajibu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Safari hii ofisa wa uhamiaji alizipokea hati kutoka kwa kijana wangu, akazipanga, akatuangalia watano sote. Aliuliza kwa upole, "Karibuni. Mnakuja kufanya nini?"

Kabla sijafungua mdomo binti alijibu, "Shikamoo. Tunakuja kutembea."

"Marahaba. Kutembea tu?"

"Ndiyo. Kutembea tu."

Ofisa aligonga mihuri. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini kwangu jibu lile lilikuwa zito kuliko mizigo yote tuliyobeba, na mume wangu aliliona hilo usoni mwangu. Alichukua begi langu bila kusema neno.

Kasulu: Lugha tuliyoijua

Kutoka Manyovu mtu anaweza kuteremka moja kwa moja hadi Kigoma kwa barabara ya lami ya takribani kilomita 60. Sisi tulipitia Kasulu kwanza, kwa barabara ambayo imekuwa ikijengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Watoto walitaka kuona shule yangu. Niliwaeleza kabla ya safari kwamba haipo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 na eneo lake sasa ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nawasihi wenzangu mnaopanga safari za kumbukumbu mlizingatie hili: usiende kuzunguka eneo la jeshi ukipiga picha, na usijaribu kuingia kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu bila kibali cha serikali. Mzazi aseme hayo mapema, ili kijana asije akadhani amenyimwa kitu njiani.

Badala yake tulikwenda sokoni, na huko binti alipata asichokitarajia. Alimwuliza mama mmoja bei ya maharage kwa Kirundi, kwa kujisahau. Mama akamjibu kwa Kiha, na wakaelewana hadi mwisho wa mauzo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana. Hata watawala wa zamani wa Waha waliitwa mwami, kama wafalme wetu.

Kesho yake tulikodi baiskeli na kupanda kuelekea Heru Juu. Kasulu ni nchi ya vilima, na baiskeli za kukodi nyingi hazina gia. Jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa, beba pampu na kiraka, na kubalianeni mapema kwamba mwenye pumzi ndogo ndiye atakayepanga mwendo. Kwetu mwenye pumzi ndogo alikuwa baba, na vijana walifurahi kumsubiri kila mlima.

Kwa miguu hadi Ujiji

Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wajerumani waliifikisha hapo mwaka 1914. Baba alipata stesheni yake, jengo kubwa linalotazama ziwa.

Bandarini niliwasimulia vijana habari za meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, kisha Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Mei 2015 meli hiyo hiyo iliwabeba maelfu ya Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga na kuwaleta Kigoma. Wa mwisho aliuliza kama miongoni mwao walikuwamo watu tunaowafahamu. Nikamjibu kuwa wamo, na baadhi ni jirani zetu leo.

Siku ya nne tuliondoka alfajiri kwa miguu kwenda Ujiji, takribani kilomita 8. Kila mmoja alibeba maji yake, kofia na viazi vya kuchemsha. Tulipofika nusu ya njia nilisimama nikawaambia, "Hapa ndipo ningepaswa kugeuka." Walijua nazungumzia zile kilomita 4. Mkubwa aliniangalia, kisha akasema, "Basi twende, Mama." Tukaendelea.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na tarehe inayotajwa sana ni Novemba 10. Pana makumbusho, mnara, na miembe inayosemekana kutokana na ule mwembe wa zamani.

Sasa vijana wetu wanalijua jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lenye majina ya watu hao hao wawili na tarehe ya Novemba 25, 1871. Kuna watu kwetu wanaoamini kuwa walikutana Mugere kwa mara ya kwanza. Watoto walibishana juu ya tarehe zile mbili, kisha wakapata jibu wenyewe: baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini, wakalala Mugere, wakaenda hadi mdomo wa Rusizi. Huko waliona mto unaingia ziwani, hautoki. Kwa hiyo wakajua kuwa maji ya Tanganyika hayaendi Nile kwa njia ile. Mimi nimefundisha somo hilo miaka mingi kwa chaki. Lilieleweka zaidi pale chini ya mwembe, miguu ikiwa na vumbi.

Kurudi tulipanda daladala. Kanuni yetu ilikuwa kwenda kwa miguu na kurudi kwa gari, ili uchovu usigeuke ugomvi.

Gombe na ziwa

Hifadhi ya Gombe haifikiki kwa barabara. Boti za abiria huondokea ufukwe wa Kibirizi mchana na hurudi asubuhi, kwa hiyo anayezitumia hulala huko. Boti ya kukodi ni ghali zaidi lakini hurudi siku ileile. Sisi tuliungana na wasafiri wengine wanne tukachanga. Vyovyote iwavyo, kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Mawimbi ya Tanganyika hayana mchezo upepo wa kiangazi unapovuma.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko wageni wa mbali, mradi aonyeshe hati yake. Uliza pia masharti ya umri kabla ya kufunga safari, kwa kuwa watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe msituni. Na mwenye mafua haendi. Magonjwa yetu ya kifua huwaua sokwe.

Jane Goodall alifika hapo Julai 14, 1960 akiwa na miaka 26, na mwaka huohuo aliwaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti vya nyasi, jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia kwa mnyama. Sisi tulipanda na kushuka mabonde kwa saa tatu ndipo tukamwona mama sokwe na mwanawe mgongoni. Mkubwa wangu, aliyekuwa amesema sana juu ya Gombe, alinyamaza kimya. Wiki chache baadaye, Oktoba 1, tulisikia redioni kuwa Goodall amefariki akiwa na miaka 91. Kijana ndiye aliyekuja kuniambia, kama mtu aliyepata msiba wa jirani.

Kuhusu kuogelea, wa mwisho alipata haki yake, lakini baada ya kuuliza wenyeji. Ziwa lina kichocho sehemu za matete na maji yaliyotulia, na sehemu nyingine lina mamba. Fuata ufukwe unaotumiwa na wenyeji, usiutafute wa peke yako.

Chakula hakikutusumbua. Mgebuka wa Kigoma ndiye mukeke wetu, na dagaa wao ndio ndagala zetu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya samaki aulize kwanza.

Neno kwa wafanyabiashara

Najua mfanyabiashara atajiuliza: kwa nini nirudi mikono mitupu? Ushauri wangu ni kutenganisha mambo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Fanya hivyo kwa jina lako na mbele ya ofisa. Usiugawe mzigo katika mabegi ya watoto ili uonekane mdogo. Kijana aliyefundishwa kushika hati kwa uaminifu wiki nzima hawezi kufundishwa kinyume chake siku ya mwisho. Usikubali pia kubeba mfuko wa mtu usiyemjua, hata akikuita dada.

Sisi tulirudi na mawese lita tano, dagaa wakavu, na daftari la binti likionyesha kwamba fungu la dharura halikuguswa. Fungu hilo limekuwa mwanzo wa akiba ya safari nyingine. Wa mwisho anataka treni, kutoka Kigoma hadi Tabora. Mkubwa amesema kama atakuwa ameshaondoka nyumbani, atatukuta stesheni, na hati zake atazibeba mwenyewe.

Wazazi wenzangu, si lazima iwe siku saba wala Gombe. Hata siku mbili zinatosha, mradi vijana wapewe kazi, hati ziwe kamili, na mtu akiwauliza mnakwenda kufanya nini, mtoto ajue jibu.